Ujumbe mmoja wa WhatsApp, kodi tatu: nyumba, duka na chumba cha mama

SWALI: Wakili, salaam. Napanga Mikindani, Mombasa. Tangu 2021 nakaa nyumba ya vyumba viwili kwa Sh12,000 kwa mwezi, na chini ya ghorofa hiyo hiyo nina duka la rejareja ninalolipia Sh9,000. Hatukuandikiana mkataba wowote. Kila tarehe 1 nalipa kwa M-Pesa. Tarehe 24 Aprili ajenti alituma ujumbe wa WhatsApp: "Kuanzia tarehe 1 Mei nyumba 16,500, duka 14,000. Serikali imeongeza ushuru. Asiyeridhika ahame." Anataka pia niongeze dipoziti ilingane na kodi mpya. Mamangu naye ana chumba Majengo katika nyumba ya mwenyewe huyo huyo, anakilipia Sh2,300, ameambiwa alete 3,000. Je, sheria inaweka kikomo cha kupandisha kodi?

JIBU: Dada, ajenti wako ametuma ujumbe mmoja, ila amegusa sheria tatu kwa mpigo. Duka lina sheria yake, nyumba unayolala ina yake, na chumba cha mamako kina ya tatu. Wapangaji wengi nchini Kenya hushangaa wakiambiwa kwamba duka la Sh9,000 lina ulinzi mkubwa kuliko nyumba ya Sh12,000. Rafu zako za unga na sukari zina jopo zima la kuzitetea. Kitanda chako hakina. Kwa hiyo nitaanza na duka, maana huko ndiko una nguvu, na huko pia ndiko uzembe wa siku chache unaweza kukuponza.

Duka

Sheria inayohusika ni ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, iliyotungwa 1965. Inalinda upangaji "unaodhibitiwa". Upangaji wa duka huingia humo ikiwa haukuandikwa kabisa, au uliandikwa lakini kwa muda usiozidi miaka mitano. Wako haukuandikwa. Najua watu huona haya kusema "sina mkataba", lakini kwenye duka kukosa karatasi ndiko kunakokuingiza ndani ya ulinzi. Wala kiwango cha kodi hakiangaliwi hapa. Kibanda cha Sh3,000 na duka la Sh90,000 barabarani hupimwa kwa kipimo kimoja. Kinachotazamwa ni kazi inayofanyika humo: kuuza kwa rejareja au jumla, au kutoa huduma kwa malipo. Kinyozi, fundi cherehani na wakala wa M-Pesa wote wamo.

Ukiwa ndani ya ulinzi huo, mwenye nyumba hawezi kubadili sharti lolote kwa hasara yako, kodi ikiwemo, isipokuwa kwa notisi iliyo katika fomu maalumu ya sheria hiyo. Notisi lazima itaje mabadiliko anayotaka na sababu zake, ikutake ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au la, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu uipokee. Ujumbe wa WhatsApp uliotumwa siku saba kabla ya tarehe yake si fomu hiyo, haukukutaka ujibu kwa maandishi, wala haukukupa miezi miwili. Kisheria, kodi ya duka lako ya Mei ni Sh9,000, na itabaki hivyo mpaka utaratibu ufuatwe.

Usinyamaze lakini. Mwandikie barua fupi, nakala mbili, ajenti atie sahihi kwenye moja au umtumie kwa njia unayoweza kuithibitisha. Maneno yanatosha kuwa hivi:

"Nimepokea ujumbe wa WhatsApp wa tarehe 24 Aprili unaotaka kodi ya duka ninalopanga kwenye ploti hii ipande kutoka Sh9,000 hadi Sh14,000 kuanzia 1 Mei. Upangaji huu unadhibitiwa chini ya Sura ya 301. Ujumbe huo si notisi kwa fomu inayotakiwa, wala haukunipa miezi miwili. Sikubali mabadiliko hayo. Nitaendelea kulipa Sh9,000 kila tarehe 1 kama kawaida."

Hakuna haja ya matusi wala ya kueleza hali ngumu ya biashara. Barua hii kazi yake ni kuweka tarehe.

Sasa jambo dogo linalowaangusha wengi: namna ya kulipa. Wewe unalipa nyumba na duka kwa mtu mmoja. Ukituma Sh21,000 kwa muamala mmoja, ajenti anaweza kuandika kwenye kitabu chake kwamba 16,500 imekwenda nyumbani na 4,500 iliyobaki imekwenda dukani. Kwa hesabu yake, tayari duka lina deni la Sh9,500. Na deni si jambo la mzaha: kuchelewesha kodi kwa miezi miwili, au kuwa na mazoea ya kuchelewa, ni miongoni mwa sababu ambazo Sura ya 301 inampa mwenye nyumba za kuomba upangaji uvunjwe. Basi tuma mara mbili: Sh9,000 peke yake, Sh12,000 peke yake. Kisha papo hapo mwandikie ajenti ujumbe: "Muamala nambari fulani ni kodi ya duka ya Mei, nambari fulani ni ya nyumba ya Mei." Kila mwezi vivyo hivyo. Akirudisha pesa, usizitumie. Ziache, piga picha ya ujumbe wa kurudishiwa, na uziweke kwenye akaunti ya benki ya mwenye nyumba kama unaijua.

Mwenye nyumba akipata ushauri mzuri atarudi na fomu sahihi, na hapo ndipo mambo yanapoanza hasa. Tuseme unaipokea tarehe 10 Juni na inasema kodi mpya inaanza 1 Septemba. Una kazi mbili, na ya pili ndiyo husahauliwa. Kwanza, kabla ya 10 Julai ujibu kwa maandishi kwamba hukubali. Pili, kabla ya 1 Septemba upeleke shauri kwenye Jopo la Kodi za Nyumba za Biashara, chombo cha kisheria kinachoamua migogoro ya upangaji chini ya Sura ya 301. Barua ya kukataa peke yake haisimamishi kitu. Kinachosimamisha notisi ni shauri lililosajiliwa joponi; likishasajiliwa, notisi hukosa nguvu mpaka jopo liamue, nawe unaendelea na kodi ya zamani. Aliyeandika barua kali akalala, akifikiri amemaliza, huamka 1 Septemba kodi mpya ikiwa halali. Jopo linaweza kumsikiliza aliyekiuka utaratibu akiwa na sababu nzito, ila hiyo ni huruma ya jopo. Usiifanye mpango wako.

Kwa hiyo siku unayopokea fomu, andika tarehe na saa juu yake, na jina la aliyeileta. Sheria inaruhusu ikabidhiwe hata kwa mtu mzima wa familia yako au mfanyakazi aliye dukani. Mwambie kijana wako wa duka asiingize karatasi ya ajenti kwenye droo ya risiti na kuisahau.

Jopo litaamuaje? Halitazami kama una watoto wa kusomesha, wala kama mwenye nyumba ana mkopo wa benki. Linauliza duka hilo lingepangishwa kwa kiasi gani katika soko la wazi, likiweka pembeni thamani iliyoongezwa na wewe mwenyewe. Ikiwa wateja wanakuja kwa sababu ya jina lako, hiyo haihesabiwi. Ikiwa uliweka vigae, kaunta na geti la chuma kwa pesa yako, hivyo navyo havimpandishii kodi mwenye nyumba. Ndiyo maana nakuomba utafute leo risiti za fundi na picha za duka lilivyokuwa ulipoingia.

Kwa kawaida kila upande huja na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Mwenye nyumba atakuja na yake, na hila ya kawaida ndani yake ni kuchukua mifano ya maduka yanayotazama barabara ya lami kisha kuyalinganisha na duka la kichochoroni. Unaweza kuivunja kwa futi ya kupimia na daftari. Pima ndani ya duka lako, ukuta hadi ukuta. Tuseme ni futi 10 kwa 12, yaani futi 120 za mraba. Kodi ya sasa, Sh9,000, ni Sh75 kwa kila futi. Anachotaka, Sh14,000, ni karibu Sh117. Sasa zunguka kwa majirani watatu au wanne walio upande wenu wa jengo au mtaa, uwaulize ukubwa na kodi. Ukikuta mwenye futi 10 kwa 20 analipa Sh15,000, naye yuko Sh75. Mifano mitatu ya namna hiyo, yenye risiti, ni silaha kuliko hotuba ya nusu saa. Na ukikuta majirani wote wanalipa Sh110 kwa futi, jua hilo pia mapema, kwa sababu hapo shauri litakugharimu na kodi itapanda tu. Ni heri mkae chini mpatane.

Jopo likishaamua kodi, mwenye nyumba hawezi kukuletea notisi nyingine ya kupandisha mpaka miaka miwili ipite tangu uamuzi, isipokuwa jopo lenyewe liseme vinginevyo. Huo ndio utulivu unaoununua kwa taabu ya kwenda shaurini. Asiyeridhika, wewe au yeye, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na akija kutia kufuli? Hutokea, hasa Ijumaa jioni ili wikendi yote upoteze mauzo. Usivunje kufuli. Piga picha ya mlango na saa ionekane, chukua majina ya mashahidi wawili, ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio), kisha Jumatatu upeleke joponi malalamiko pamoja na ombi la dharura la kufunguliwa, yakiambatana na hati ya kiapo, barua yako na miamala ya M-Pesa. Malalamiko haya hayangoji notisi yoyote. Jopo lina uwezo wa kuamuru ufunguliwe na kumzuia mwenye nyumba asirudie. Kilichoharibika ndani, maziwa na mikate, kiorodheshe kwa bei ya ununuzi mara tu unapofungua.

Onyo moja kabla sijaondoka dukani. Baada ya barua yako, ajenti anaweza kubadilika akawa mpole akakuletea "mkataba mzuri wa muda mrefu". Angalia muda kabla ya kuangalia kodi. Mikataba ya biashara ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita kamili, haikuandikwa hivyo kwa bahati: ikizidi miaka mitano inatoka katika Sura ya 301, na humo ndani kwa kawaida kuna kifungu cha kodi kupanda kwa asilimia fulani kila mwaka au kila miaka miwili. Si lazima iwe mbaya. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kutaka uhakika wa miaka sita. Ila ujue unachouza. Na ukikuta mkataba wa miaka sita wenye kifungu kinachomruhusu mmoja wenu kuuvunja kwa notisi ndani ya miaka mitano bila kosa la yeyote, basi bado unadhibitiwa, hata kama karatasi inaapa kwamba haudhibitiwi.

Nyumba unayoishi

Hapa sina habari tamu. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inagusa nyumba za kuishi ambazo "kodi ya kiwango" yake (nitaieleza nikifika kwa mama) haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijasogezwa kwa miongo, na ndiyo sababu karibu kila nyumba ya kawaida Mombasa au Nairobi imebaki nje. Ya kwako ya Sh12,000 iko nje. Kwa nyumba iliyo nje hakuna asilimia iliyowekwa na sheria. Si 5, si 10. Ujumbe unaozunguka kwenye vikundi vya wapangaji kwamba "kodi haiwezi kuzidi asilimia 10 kwa mwaka" hauna sheria nyuma yake. Ibara ya 43 ya Katiba inataja haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, lakini usiitegemee ikushushie kodi ya ghorofa ya mtu binafsi.

Unachobaki nacho ni muda na makubaliano. Usiudharau muda.

Kwa kuwa hamna mkataba wa maandishi na unalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inauona upangaji wako kuwa wa mwezi hadi mwezi. Upangaji wa namna hiyo ni halali hata kwa mdomo. Kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha upangaji, yaani mwezi mmoja, na notisi hiyo lazima imalizikie siku ambayo kodi hulipwa. Weka tarehe zako hapo. Ujumbe ulifika 24 Aprili. Mwezi mmoja unatimia 24 Mei. Siku ya kodi inayofuata ni 1 Juni. Basi hata tukiuhesabu ujumbe ule kuwa notisi ya "kubali au hama", ambalo ni jambo la kubishaniwa, haukuweza kukugusa kabla ya 1 Juni. Kodi ya Mei ni Sh12,000.

Tena, kupandisha kodi katikati ya makubaliano si amri, ni pendekezo. Mwenye nyumba anasema: mimi sasa nataka Sh16,500. Wewe unaweza kukubali, kukataa au kurudisha bei nyingine. Ukikataa, njia yake halali ni kukupa notisi ya kuondoka. Lakini ukimlipa 16,500 hata mara moja "kwa amani", umekubali kwa vitendo, na mwezi ujao huna pa kusimamia. Kama unaogopa fujo na umeamua kulipa, andika kwanza kwamba unalipa ziada kwa kupinga na unaidai. Mimi ningelipa 12,000 ya Mei na kutumia mwezi huo kupatana.

Katika kupatana, acha habari ya huruma, mwoneshe hesabu. Anataka nyongeza ya Sh4,500, ambayo ni asilimia 37.5. Wewe mpe, kwa mfano, 13,500. Tofauti kati ya bei yake na yako ni Sh3,000 kwa mwezi. Ukihama na nyumba ikakaa wazi miezi miwili, anapoteza Sh33,000 kwa bei yake mwenyewe; hizo ni tofauti za miezi 11, kabla hajapaka rangi wala kumlipa ajenti ada ya kutafuta mpangaji. Mpangaji aliyelipa tarehe 1 tangu 2021 ana thamani, na mwenye nyumba anajua hilo kuliko ajenti wake, ambaye huenda analipwa asilimia ya kodi. Ukiweza, zungumza na mwenyewe.

Mkipatana, hapa kwenye nyumba (kinyume kabisa na dukani) ndipo unahitaji karatasi. Omba mkataba wa mwaka mmoja, kodi ikitajwa kwa tarakimu na bila kifungu cha kuipandisha ndani ya mwaka huo. Kodi iliyofungwa namna hiyo haisogei hadi muda uishe. Uupige muhuri wa ushuru wa stempu: kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa Sh13,500 kwa mwezi, mwaka ni Sh162,000, na muhuri ni Sh1,620. Bila muhuri, mahakama itausukuma pembeni mkataba wako siku unapouhitaji, mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

Msipopatana, hakuna ajenti, mlinzi wala kijana wa mtaani mwenye ruhusa ya kung'oa mlango, kukata maji au kutoa vitanda vyako nje. Kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna sheria yake, Sura ya 293, na hufanywa na dalali mwenye leseni, kwa kodi ambayo kweli imebaki bila kulipwa. Ndiyo maana nimesisitiza ulipe zile 12,000 kwa wakati: Sh4,500 ambazo hukuzikubali si deni, na bila deni dalali hana alichokuja kufanya. Hata akiwa na haki ya kuja, nguo, matandiko na vifaa vya kazi hadi thamani fulani havikamatwi.

Dipoziti ni makubaliano kama kodi yenyewe. Ulitoa Sh12,000 ulipoingia. Hakuna kinachokulazimisha kuongeza Sh4,500 kwa sababu tu kodi imependekezwa kupanda. Kama utahama, piga video ya kila chumba siku ya kukabidhi funguo, ukifungulia mabomba na kuwasha taa, na umwombe ajenti atie sahihi orodha. Rangi iliyofifia baada ya miaka kadhaa ni uchakavu wa kawaida. Kioo kilichovunjika ni chako. Akikatalia pesa yote, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya hadi Sh1,000,000 na inatakiwa imalize ndani ya siku 60, wala hulazimiki kuwa na wakili.

Hiyo habari ya ushuru

"Serikali imeongeza ushuru" ni sababu inayopendwa kwa kuwa hakuna mpangaji anayeihakiki. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi hutozwa mwenye nyumba kwa mapato yake, na kwa wanaoingiza kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia 1 Januari 2024. Ulishuka. VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, haitozwi kwenye kodi ya nyumba ya kuishi. Kwenye duka inaweza kutozwa, asilimia 16, lakini kwa mwenye nyumba aliyesajiliwa kwa VAT tu. Akiidai, mwombe ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, KRA, yenye PIN yake. Mara nyingi dai huishia hapo.

Chumba cha mama

Hiki cha Sh2,300 ndicho chenye kikomo hasa, na kinachosikitisha ni kwamba wanaolindwa na Sura ya 296 ndio husikia habari zake mwisho. Kodi yake iko chini ya Sh2,500, na kinachopimwa ni "kodi ya kiwango", si tarakimu ambayo ajenti ameiamua asubuhi. Hivyo kumwambia alipe 3,000 hakumtoi ndani ya sheria kwa sababu tu tarakimu mpya imevuka mstari.

Kodi ya kiwango ni nini? Kama chumba kilikuwa kimepangishwa kihalali tarehe 1 Januari 1981, ni kodi ya siku hiyo. Nyumba za Kiswahili za zamani za Majengo ni nyingi zilizokuwa na wapangaji wakati huo, na hebu fikiria kodi ya chumba Majengo mwaka 1981. Wenye nyumba wenye akili hawapendi kabisa mazungumzo yafike huko. Kama nyumba ilijengwa au ilianza kupangishwa baadaye, Jopo la Kudhibiti Kodi za Nyumba hukadiria kiwango kwa kutazama gharama za ujenzi na thamani ya ardhi. Sababu zinazoruhusu nyongeza ni chache, kama kupanda kwa ada za ardhi za kaunti au matengenezo makubwa yaliyoboresha jengo. Kupaka chokaa ukumbini si mojawapo. Aliyekwisha kulipa zaidi ya kiwango anaweza kuidai ziada.

Mama hawezi kutolewa kwa notisi ya mdomo wala ya maandishi peke yake. Lazima iwepo amri ya jopo, kwa sababu zilizotajwa na sheria, mfano kodi halali isiyolipwa au uharibifu. Na hata sababu ikithibitika, jopo halitoi amri mpaka lione kwamba ni haki kufanya hivyo. Umri na miaka aliyoishi humo inaweza kuzungumzwa. Mali yake haikamatwi kwa kodi bila ruhusa ya jopo. Mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji wa namna hii ili ahame au alipe zaidi, kwa kufunga choo au kuondoa bati, anatenda kosa la jinai.

Udhaifu wa mama utakuwa ushahidi, maana vyumba vya namna hii hulipwa taslimu mkononi. Sheria inamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi na mpangaji apate nakala. Mwombeni, na asipotoa, andikeni kwamba mliomba. Kuanzia Mei alipe Sh2,300 kwa M-Pesa, hata ikibidi kwa simu yako, jina lake na namba ya chumba zikitajwa kwenye ujumbe unaofuata. Kama ana risiti za zamani ndani ya kopo la biskuti, zipigwe picha zote leo. Kisha wewe au ndugu mwingine mpeleke joponi na kitambulisho, miamala hiyo na ujumbe wa ajenti, aombe mambo mawili katika shauri moja: kodi ya kiwango ya chumba ikadiriwe, na nyongeza ya Sh700 izuiwe mpaka hapo. Wapangaji wengine wa nyumba hiyo wakijiunga naye, mkaguzi atakayekuja kupima ataipima nyumba nzima mara moja.